Ngozi Laini Iitwayo Swedi

1. Kiatu kisichong'aa

Katika mji wa Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka bandarini, kuna mtaa mkubwa wa biashara uitwao Kariakoo. Jina hilo limetokana na wapagazi waliotumikia majeshi ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wapagazi hao walipiga kambi mahali hapo, na jina la kikosi chao kwa Kiingereza likageuka vinywani mwa wenyeji likawa Kariakoo. Mwaka 1923 soko lilianza katika jengo lililojengwa zamani za Wajerumani. Baadaye lilijengwa soko kubwa zaidi, lililochorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wa Tanzania, nalo likafunguliwa mwaka 1975.

Katika mitaa inayolizunguka soko hilo huuzwa viatu vingi sana, vipya na vya mitumba, vya ngozi, vya nguo, vya mpira na vya plastiki. Mtu akivitazama vizuri ataona miongoni mwake viatu visivyong'aa hata kidogo. Akivipapasa kwa kidole atasikia ulaini kama wa mahameli, na akitazama kwa karibu ataona malaika mafupi, mfano wa malaika ya mkono wa mtoto mchanga. Akipitisha kidole upande mmoja, rangi huonekana kukoza. Akikirudisha, rangi huonekana kufifia. Watu wengi hudhani kwamba viatu hivyo vimeshonwa kwa kitambaa kinene. Sivyo. Hiyo ni ngozi ya mnyama, nayo huitwa swedi.

Jina lake lina asili ya ajabu kidogo. Katika karne ya 19 wanawake wa Ufaransa walipenda kuvaa glavu laini zilizoitwa kwa lugha yao "glavu za Uswidi", maana nchi ya Uswidi kwa Kifaransa ni Suède. Hatimaye jina la nchi likawa jina la ngozi yenyewe, wala si ya glavu tu, bali ya kila kitu kilichoshonwa kwa ngozi ya namna ile.

2. Pande mbili za ngozi

Ili kuifahamu swedi, yafaa kwanza kujua jinsi ngozi ilivyoumbwa. Kila ngozi ina pande mbili. Upande wa nje ndio wenye manyoya, ndio upigwao na jua na mvua mnyama angali hai. Upande wa ndani ndio ulioshikamana na nyama. Katika kiatu cha kawaida kinachong'aa, upande wa nje wa ngozi ndio uonekanao. Katika kiatu cha swedi mambo yamegeuzwa: upande wa ndani ndio utazamao nje.

Ngozi ni mfumo wa nyuzi ndogo mno zilizopitana huku na huku. Karibu na upande wa nje nyuzi hizo ni nyembamba, nazo zimebanana sana, mfano wa mkeka mzuri uliosukwa kwa ukindu mwembamba. Kadiri ya kwenda ndani nyuzi huwa nene na kulegea, mfano wa jamvi la miyaa. Fundi akiusugua upande wa ndani kwa msasa, ncha za nyuzi hizo hukatika na kusimama. Ncha hizo zilizosimama ndizo malaika yanayoonekana juu ya kiatu cha swedi.

Ngozi ya mbuzi, ya kondoo na ya ndama ni nyembamba, kwa hiyo huweza kutumika nzima. Upande wake wa nje hubaki, lakini hufichwa ndani ya kiatu au koti, na upande wa ndani husuguliwa. Swedi ya namna hii ni laini sana, nayo ni ya thamani. Ngozi ya ng'ombe mkubwa ni nene kupita kiasi. Hiyo hupasuliwa kwa mashine yenye kisu kirefu, ikawa matabaka mawili, kama mtu apasuavyo andazi likawa vipande viwili vipana. Tabaka la juu lina upande wa nje wenye nyuzi zilizobanana. Hilo hushonwa viatu vinavyong'aa, mikanda na mikoba. Tabaka la chini halina upande wa nje kabisa. Hilo likisuguliwa huwa swedi ya bei nafuu, yenye malaika pande zote mbili. Walakini si imara kama tabaka la juu, kwa kuwa ni jamvi lisilo na mkeka juu yake.

Kuna ngozi nyingine ifananayo na swedi hata watu huzichanganya. Jina lake ni nubuki. Hiyo husuguliwa kidogo upande wa nje, si wa ndani. Malaika yake ni mafupi zaidi, tena ni imara kuliko swedi, maana ina ule mkeka uliobanana.

3. Kisu cha mchunaji

Wengi hudhani kwamba uzuri wa kiatu huanza katika karakana ya mshona viatu. Kwa kweli huanza mbali sana na hapo. Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam hutoka mikoa ya bara, huuzwa katika mnada wa Pugu, kisha wengi wao huchinjwa katika machinjio ya Vingunguti. Nyama hupelekwa kwenye mabucha ya mji, na ngozi hukusanywa na wafanya biashara ya ngozi. Ni katika saa ile ya kuchuna ndipo ngozi huokoka au huharibika.

Mnyama angali hai, ngozi yake hupatwa na maadui wengi: miiba humkwaruza, kupe humtoboa, na wenye mifugo humtia alama kwa chuma cha moto ili wamtambue. Makovu hayo yako upande wa nje. Kwa kiatu kinachong'aa ni hasara kubwa, maana huonekana hata baada ya kutiwa rangi. Kwa swedi makovu mepesi ya nje hayadhuru sana, kwa kuwa upande ule hufichwa au hutengwa wakati wa kupasua. Kwa sababu hiyo ngozi isiyofaa kwa viatu vya kung'aa huweza kupata heshima kwa kufanywa swedi.

Lakini kisu cha mchunaji hukata upande wa ndani. Kila mara kisu kiendapo upogo hukwaruza au kutoboa upande uleule ambao swedi huutegemea kwa uzuri wake. Kwa hiyo swedi huweza kusamehe makosa ya mwiba na ya kupe, ila kosa la kisu halisamehe. Mchunaji ndiye fundi wa kwanza wa kiatu cha swedi, ingawa huenda hajapata kukivaa.

Kwa nini basi wachunaji huzikata ngozi? Sababu moja ni haraka. Sababu nyingine ni kwamba nyama ndiyo iletayo fedha mara moja, na mchunaji huogopa kuacha mnofu ukishikamana na ngozi. Basi hupitisha kisu karibu mno na ngozi, na kisu huingia. Njia iliyo njema ni hii. Kisu chenye ncha kali hutumika tu kufungua ngozi kwa mstari ulionyoka, kutoka shingoni kupita kifuani na tumboni, na ndani ya miguu. Baada ya hapo hutwaliwa kisu kilichopindika, chenye ncha ya mviringo, ambacho hakitoboi upesi. Mnyama akiwa ametundikwa, ngozi huvutwa kwa mkono ikaachana na nyama, na kisu husaidia kidogo tu. Mbuzi na kondoo huchunwa kwa ngumi: mchunaji husukuma ngumi kati ya ngozi na nyama mpaka vikaachana. Ngumi haina makali, wala haitoboi ngozi.

Ngozi ikisha kuchunwa haingoji. Katika joto la pwani huanza kuoza baada ya saa chache, na manyoya yake hunyonyoka. Waswahili husema, "Udongo uwahi ungali maji." Ngozi nayo hutaka kuwahiwa ingali mbichi: huoshwa, hukwanguliwa mnofu na mafuta, kisha hupakwa chumvi nyingi upande wa ndani, au hutandwa juu ya fremu za miti kivulini penye upepo. Zamani watu wengi walizoea kuitandaza ngozi chini juani na kuipigilia mambo. Jua kali huipika ngozi: juu hukauka ikawa ngumu kama ubao, na ndani huoza kwa siri. Ngozi ya namna hiyo ikilowekwa kiwandani huvunjika vipande vipande. Kwa ajili hiyo, wakati wa utawala wa Waingereza, mabwana mifugo wa Tanganyika waliwafundisha watu kujenga mabanda ya kukaushia ngozi kivulini.

4. Kutoka ngozi mbichi mpaka swedi

Ngozi iliyokaushwa tu bado si ngozi ya kiatu. Ikipata maji huwa mbichi tena na kuoza; ikikauka huwa ngumu kama ile iliyowambwa juu ya ngoma. Haina budi kutengenezwa, kazi ambayo siku hizi huitwa kusindika ngozi.

Kwanza ngozi hulowekwa katika maji safi mpaka ilainike na kutoa chumvi na uchafu. Kisha hutiwa katika maji ya chokaa, ambayo hulegeza manyoya yakang'oka na kuzifungua nyuzi zake. Baadaye mnofu uliosalia hukwanguliwa, na chokaa huoshwa ikatoka. Ndipo hufuata jambo kubwa kuliko yote, nalo ni kuzitia nyuzi dawa itakayozizuia zisioze.

Dawa ya zamani kabisa hutoka katika magome ya miti. Mtu alaye bibo au ndizi mbichi husikia ukakasi mdomoni. Ukakasi huohuo umo kwa wingi katika magome ya miti fulani, nao ndio unaoshikamana na nyuzi za ngozi na kuzihifadhi. Mikoko na mikandaa ya pwani ina ukakasi mwingi. Wakati wa utawala wa Wajerumani magome yake yalikatwa katika delta ya Mto Rufiji yakapelekwa Ulaya kwa kutengenezea ngozi. Huko Njombe ilipandwa miwati kwa kazi hiyohiyo, na mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya miwati ya Tanganyika ili kutoa dawa ya ngozi katika magome yake.

Dawa ya pili ni chumvi ya madini yaitwayo kromiamu. Njia hiyo ilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 19, na sasa sehemu kubwa ya ngozi zote za dunia hutengenezwa kwayo. Ngozi hutiwa pamoja na dawa katika pipa kubwa la mbao linalozungushwa kwa mashine. Kazi ambayo kwa magome huchukua wiki nyingi, kwa kromiamu huisha kwa siku moja au mbili, na ngozi hutoka na rangi ya samawati. Swedi nyingi hutengenezwa hivyo, maana hutoka nyepesi na laini. Lakini njia hii ina hatari yake. Maji machafu ya kiwanda yakimwagwa mtoni bila kusafishwa huwadhuru samaki na watu. Kwa hiyo kiwanda chema hujulikana pia kwa maji yanayotoka ndani yake.

Baada ya dawa, ngozi ya ng'ombe hupasuliwa matabaka ikiwa bado haijapasuliwa. Hutiwa rangi ikapenya ndani, kisha mafuta ili nyuzi ziteleze zisikatike. Hukaushwa, hunyoshwa na kulainishwa. Mwisho husuguliwa kwa msasa unaozunguka upesi, na malaika husimama. Sasa imekuwa swedi.

5. Matumizi yake

Matumizi ya kwanza ni viatu. Kiatu kimoja cha swedi kimepata sifa duniani kote, na habari yake inaanza katika soko la Afrika. Katika Vita Kuu ya Pili, Nathan Clark, kijana wa jamaa ya washona viatu wa Uingereza, alipelekwa Burma akiwa askari. Huko aliona baadhi ya maofisa wamevaa viatu vya swedi vifupi, vyepesi, vyenye matundu machache ya kamba. Akauliza vimetoka wapi, akaambiwa vimeshonwa na mafundi wa masoko ya Cairo, nchini Misri. Alichukua mfano wake, na mwaka 1950 viatu vya namna hiyo vilianza kuuzwa na kampuni ya jamaa yake. Tangu hapo vimevaliwa na watu wa mataifa mengi. Fundi wa sokoni, asiyejulikana jina lake, aliwafundisha wenye viwanda. Afrika Mashariki nako viatu vya swedi vya safari vimeshonwa kwa muda mrefu katika kiwanda cha Bata kilichoko Limuru, Kenya.

Matumizi ya pili ni mavazi na vyombo: makoti, glavu, kofia, mikoba, pochi, na hata vifuniko vya makochi. Swedi ya mbuzi na ya kondoo hupendwa kwa nguo kwa sababu ni nyepesi, nayo hufuata umbo la mwili.

Matumizi ya tatu hayana fahari, lakini huokoa mikono ya watu. Karibu na Kariakoo pana mtaa wa Gerezani, ambako mafundi wa chuma hukata, hupinda na kuchomelea. Cheche za moto huruka kila upande. Mchomeleaji akivaa glavu za nailoni, cheche itaziyeyusha zishikamane na mkono wake. Glavu za kazi hiyo hushonwa kwa tabaka la chini la ngozi ya ng'ombe, ile swedi nene ya bei nafuu. Haiyeyuki, wala haiwaki upesi. Cheche huiunguza kidogo juu ikazimika. Aproni za wachomeleaji hushonwa kwa ngozi hiyohiyo. Basi tabaka lililotengwa kwa kukosa upande mzuri ndilo lililopewa kazi ya kumlinda fundi.

Yuko pia ndugu wa swedi atumikaye kufutia magari na vioo. Ni tabaka la ndani la ngozi ya kondoo, lililotengenezwa kwa mafuta ya samaki. Hunywa maji mengi, wala halikwaruzi kioo.

6. Kuitambua na kuitunza

Wafanya biashara huuza pia swedi ya bandia, iliyotengenezwa kwa nyuzi za viwandani. Si kitu kibaya, ila si haki kuiuza kwa bei ya ngozi. Mnunuzi anayetaka kujua atazame mahali palipokatwa, kama ukingo wa ulimi wa kiatu. Ngozi huonyesha nyuzi zisizo na mpango tangu juu hata chini. Bandia mara nyingi huonyesha kitambaa kilichofumwa. Tena malaika ya ngozi hayalingani sawasawa kila mahali, lakini ya bandia hulingana mno. Fundi naye hujua kwa harufu: uzi mdogo wa ngozi ukiungua hunuka kama unywele, na uzi wa bandia huyeyuka ukawa kitone kigumu.

Adui wa swedi ni maji, mafuta na ukungu, na Dar es Salaam ina vyote vitatu. Masika huleta matope mitaani, na bonde la Mto Msimbazi hapo Jangwani hufurika. Hewa ya pwani ni ya unyevu, na kiatu kilichofungiwa sandukuni huota ukungu. Mambo yaipasayo swedi huelezwa vizuri na mafundi wenyewe, kama katika mazungumzo haya ya mwanafunzi na fundi viatu mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Nimeleta viatu hivi vya kaka yangu. Vililowa mvua, nikavikausha jikoni karibu na moto. Kisha nikavipaka dawa ya viatu ving'ae. Sasa vimekuwa vigumu, tena vina mabaka."

Fundi akavigeuza-geuza, akatabasamu. "Ulitaka kumfurahisha kaka yako, lakini hukukijua kiatu. Hii ni swedi, mwanangu. Dawa ya viatu huyalaza malaika yakagandamana, wala hayaamki tena. Na moto hukausha mafuta yaliyomo ndani ya ngozi, ikawa kama kibanzi."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Hivi nitajaribu kuvisugua kwa msasa laini, lakini havitakuwa kama mwanzo. Siku nyingine kiatu cha swedi kikilowa, kijaze magazeti ndani, ukiweke kivulini penye upepo. Usiguse tope lililo bichi, maana utalipenyeza ndani. Lingoje likauke, kisha ulipanguse kwa brashi. Kikidondokewa na mafuta, kinyunyizie unga mkavu, ukiache usiku kucha, asubuhi ukipige brashi. Na doa dogo lililo kavu hutoka kwa kifutio chako cha shule."

"Kumbe ni kazi rahisi."

"Ni rahisi kwa aliye na subira," akajibu fundi. "Kiatu hiki hakitaki kung'arishwa. Chataka kuachwa kikauke."

7. Mali iliyomo mikononi

Sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilihesabu nchini Tanzania ng'ombe zaidi ya milioni 33, na mbuzi zaidi ya milioni 20. Nchi chache za Afrika zina ng'ombe wengi kama hao. Hata hivyo viatu vingi vinavyouzwa Kariakoo hutoka nchi za nje, na vilivyokwisha valiwa Ulaya na Marekani huuzwa kwa wingi katika masoko kama la Karume. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kwamba uingizaji wa nguo na viatu vya ngozi vya mitumba upunguzwe mpaka ukome, ili viwanda vya kwao vistawi. Utekelezaji wake haukuwa sawa katika kila nchi, na mitumba imeendelea kuuzwa Dar es Salaam.

Kwa nini jambo hili ni gumu? Habari ya kiwanda cha viatu cha Morogoro yaweza kufundisha. Kiwanda hicho kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miaka ya 1970. Kilikuwa na mashine mpya na wafanyakazi, na ilitazamiwa kwamba kitatoa viatu milioni 4 kwa mwaka, na robo tatu yake viuzwe Ulaya. Lakini jengo lake, lenye kuta za alumini na lisilo na njia ya kupitisha hewa, halikufaa kwa joto la Morogoro, na mambo mengine mengi yalikwenda kombo. Hakikupata kutoa zaidi ya 4 katika kila 100 ya viatu vilivyotazamiwa, na mwaka 1990 kazi ilisimama. Mashine peke yake haishoni kiatu.

Kiatu chema hushonwa na watu wengi wasioonana. Mchungaji humwogesha mnyama dawa ya kupe, naye humtia alama mguuni, si ubavuni. Mchunaji hutumia kisu kilichopindika. Mwenye ghala haitandazi ngozi juani. Mtengeneza ngozi hapunguzi dawa, wala hamwagi maji machafu mtoni. Mshona viatu hukata kwa uangalifu, asipoteze kipande. Mmoja wao akiwa mvivu, kazi ya wote huharibika, na yule aliye wa mwisho hawezi kurekebisha kosa la yule wa kwanza. Tundu lililotobolewa Vingunguti halizibiki Kariakoo.

Kazi hii sasa hufundishwa kama elimu nyingine yoyote. Katika Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, tawi la Mwanza, vijana husomea utengenezaji wa ngozi na bidhaa zake. Wanaotoka huko wanahitaji ngozi njema za kufanyia kazi. Ngozi hizo zitapatikana tu kama kijana aliyeshika kisu cha kuchunia naye amefundishwa, na kama analipwa kwa ngozi nzima zaidi ya ngozi iliyotobolewa. Hapo ndipo ataona faida ya kwenda polepole.

Maswali

1. Jina Kariakoo lilitokana na nini?
2. Eleza tofauti ya upande wa nje na upande wa ndani wa ngozi. Mkeka na jamvi vinasaidiaje kuieleza?
3. Kwa nini kovu la mwiba halidhuru swedi sana, lakini kosa la kisu hudhuru?
4. Kwa nini ngozi haifai kutandazwa chini juani?
5. Taja dawa mbili zinazoizuia ngozi isioze. Kila moja ina faida gani, au hatari gani?
6. Kwa nini wachomeleaji huvaa glavu za ngozi, si za nailoni?
7. Mwanafunzi aliyekwenda kwa fundi viatu alifanya makosa gani mawili?
8. Eleza maana ya maneno haya: "Tundu lililotobolewa Vingunguti halizibiki Kariakoo."
9. Tazama kitu kimoja cha ngozi nyumbani kwenu. Kimetengenezwa kwa upande upi wa ngozi? Umejuaje?